Sori ya Nusra

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Euless, Bwana Kiplagat. Sheikh Abdulghafur uliyetufungulia kwa dua. Mgeni wetu mkubwa Mwalimu Dorothea, ambaye Zaid, kaka yake Nusra, anakunong'oneza tafsiri sikioni, nami namsihi asipunguze chumvi wala asiongeze. Wazazi wa Nusra, Bwana Zaki na Bi Mwatime. Ndugu mliotoka Cedar Hill, na nyinyi wa Gulfton mliotoka Houston alfajiri na masufuria ya pilau kwenye buti. Na wewe Nusra, mwenye siku yako: nawaamkia nyote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake na ya umri wake.

Wengi mnanijua kama Elirehema, dereva wa basi la abiria pale uwanja wa ndege. Kabla ya usukani nilishika chaki. Nilifundisha Kiswahili sekondari, Tanga, kwa miaka mingi, na mahafali niliyohudhuria siwezi kuyakumbuka yote. Lakini mahafali ya juzi ya Nusra yameniacha mdomo wazi, na naomba niwaambie kwa nini.

Nusra alitoka Mombasa akiwa na miaka kumi na saba. Shule ya hapa ilipopima masomo yake ya nyumbani, mengi yalikataliwa. Hapa kila somo unalolimaliza linakupa krediti, na krediti zikitimia unapata cheti. Zake zilikuwa pungufu sana, na bila cheti chuo cha uuguzi kisingemtazama hata usoni. Ndipo Mwalimu Dorothea akamwita baba mtu akamweleza: binti atasoma asubuhi, mchana atafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, atalipwa mshahara kama mfanyakazi yeyote, na kazi hiyohiyo itampa krediti. Bwana Zaki, dereva teksi na mcha Mungu, katika maneno yote hayo alisikia moja tu. Akasema, "Thank you, teacher, lakini sisi hatuchukui krediti. Ni mkopo wa riba huo."

Cheka, Bwana Zaki, cheka tu, umeshasamehewa. Hivyo ndivyo nilivyoitwa kuwa mkalimani wa familia hii.

Ndugu zangu, sisi walimu wa zamani tuliwatoa watoto darasani wakalime shamba la shule. Walilima, walivuna, mahindi yakaliwa. Nani aliwahi kuona jembe limeandikwa kwenye cheti chake? Nani alilipwa? Hapa nilipelekwa nikaone darasa la akina Nusra, nikasimama mlangoni kama mgeni wa mjini. Darasa lina vitanda! Kitandani kalazwa mgonjwa wa mpira, na watoto wanajifunza kumgeuza bila kumuumiza, kumwosha bila kumvunjia heshima, kupima mapigo ya moyo na kunawa mikono wao wenyewe kabla ya kumgusa. Kisha mchana mwalimu anaingia kwenye gari lake mwenyewe, anamfuata mwanafunzi kazini, na kumsahihisha huko huko mbele ya mgonjwa wa nyama na damu. Nilijiuliza, je, sisi tulifikiri elimu inaishia getini? Nilirudi nyumbani nikasimulia mpaka mke wangu akasinzia, naye ni shahidi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwezi wa tatu, cheti kikiwa karibu kabisa.

Nusra alikuwa akipanga vikombe kwenye chumba cha kulia cha nyumba ile. Upande wa pili wa chumba mzee mmoja aliinuka peke yake, mguu ukateleza, akakaa chini kwa kishindo. Nusra aliacha vikombe, akamkimbilia, akapiga magoti, akamshika mkono. Na ulimi wake, ulimi uliolelewa na Bi Mwatime, ukasema nini? "Oh, sori! Sori! Sori sana, babu!"

Nyinyi nyote mmeelewa. Alisema pole. Lakini waliokuwa pale walisikia mtu akikiri kosa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile mzee alijikwaa kidole, na binti yetu akajikwaa ulimi. Akaambiwa asirudi kazini mpaka kikao kiitishwe. Na kazi ikikatika, krediti zake za mwaka mzima zinakatika nayo.

Tukaitwa. Meneja, Mwalimu Dorothea, Nusra, baba yake, na mimi mkalimani. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa anawalinda wazee wake. Akamuuliza, "Ulisema sori?" "Yes, ma'am." "Ulimsukuma?" "No, ma'am." "Sasa kwa nini uliomba radhi?" Nusra akanitazama mimi.

Nikasema moyoni, Elirehema, neno pole umelifundisha maisha yako yote, leo ndiyo siku yake. Nikaeleza kwamba kwetu neno hili hupewa mtu aliyeumia, na aliyefiwa, na aliyechoka, na hata anayebeba mzigo njiani ukipishana naye. Meneja akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Kwa hiyo maana yake ni sori?" Nikajibu, "Ndiyo. Lakini siyo." Bwana Zaki akafunika uso kwa kofia yake. Jamani, nikaona cheti kinaondoka, na mimi ndiye ninayekifungulia mlango.

Mwalimu Dorothea akainuka kujimiminia maji. Nisamehe, Mwalimu, lakini lazima niseme. Akagonga goti kwenye kona ya meza, ngo! Na kabla hajapumua, sauti tatu zikatoka pamoja, ya binti, ya baba na ya mkalimani: "Sori!"

Mwalimu Dorothea, ameshika goti, machozi ya maumivu na kicheko yakimlenga, akauliza, "Na kati yenu watatu, nani amenipiga?"

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: akaenda kumuuliza mzee mwenyewe. Mzee akamjibu, "Niliteleza mwenyewe. Yule binti aliyenishika mkono yuko wapi? Mbona haji?"

Nusra alirudi kazini kesho yake. Mimi, kwa woga wangu, nilimshauri, "Mwanangu, neno hilo liache kwanza mpaka upate cheti." Mnajua alinijibu nini? "But Mwalimu, mtu akianguka mbele yangu, nimnyamazie?" Mimi mwalimu wa Kiswahili nilijisikia mdogo na nikajisikia tajiri kwa wakati mmoja. Huyu ni mtoto aliyeshukiwa kwa sababu ya huruma yake, akairudisha huruma ileile mahali palepale, bila kuipunguza hata kidogo. Mwalimu Dorothea, wewe umemfundisha kazi. Bwana Zaki na Bi Mwatime, nyinyi mlishamfundisha utu. Ninapoviona vyote viwili ndani ya mtu mmoja, nasema Mungu ni mkubwa, na Sheikh ataniitikia.

Krediti zimetimia. Chuo cha uuguzi kimempokea, anaanza mwezi wa nane.

Nimalizie kwa jambo moja la juzi. Mkuu wa shule alitutangazia tusishangilie mpaka jina la mwisho lisomwe, na Nusra alikuwa amemsihi mama yake, "Mama, please, usini-embarrass." Jina lake likasomwa. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Bi Mwatime. Alijaza leso mdomoni, mabega yakamtetemeka, machozi yakamtiririka, lakini hakutoa sauti. Ukumbi ule mkubwa hata haukujua kuwa mama wa huyo aliyetajwa yumo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, ahsanteni kwa kunivumilia na kunitegea masikio. Sasa yageuzeni masikio hayo upande ule. Nusra, simama, mwanangu, wote wakuone. Bi Mwatime, hapa hakuna wa kukunyamazisha. Toa leso mdomoni, dada yangu, ukipige hicho kigelegele.