Gari la Mwalimu Linakula Kona

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililiweka nje ya chumba changu cha kunyolea ili wateja wasubiri zamu, lakini mteja gani atapata pa kukaa? Kushoto yuko Injinia, ambaye maisha yake yote ametengeneza redio na hajawahi kufungua boneti. Kulia yuko Kipimo, fundi cherehani, futi shingoni asubuhi hadi jioni. Katikati yao birika la kahawa. Jumamosi ile hata mimi nilizima mashine nikatoka nje, kwa sababu ng'ambo ya barabara, mlangoni pa gereji, gari la Mwalimu lilikuwa limeshushwa kutoka kwenye jeki. Gari la miaka thelathini na ushee. Na saa kumi jioni alikuwa anakuja mtu kulinunua.

Mwalimu hakutaka kuliuza, jamani. Analipenda gari lile kupita kiasi. Mkewe ndiye aliyekataa kulipanda. Miezi miwili sasa, kila Jumapili, Mwalimu anakwenda peke yake kumwona mjukuu wao upande wa pili wa kilima, na mama wa watu anapanda basi. Mwishowe akamwambia mumewe aliuze, wapande basi wote wawili, na Mwalimu akakubali kwa sauti ndogo.

Na hapa niseme ukweli, maana benchi zima hupenda kuukwepa: makosa yalikuwa yetu. Gari lilikuwa linayumba kwenye kona, Mwalimu akaja kutuuliza. Injinia akasema gari likiwa jepesi linaiogopa barabara, litiwe magunia mawili ya mchanga kwenye buti. Kipimo akaunga mkono. Mimi nikabeba gunia la pili. Kwenye kona ya tangi la maji mkia wa gari ukachomoka, gari likageuka likatazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Mama akashuka, akavua viatu, akarudi nyumbani kwa miguu.

Wiki mbili zilizopita binti yake Kipimo, Fundi wa gereji ile, alimwomba Mwalimu amwachie gari kabla halijauzwa. Tangu siku hiyo benchi halina habari nyingine.

INJINIA: Lione lilivyosimama. Limechuchumaa kidogo. Sasa upepo hauna pa kulishikia.

KIPIMO: Upepo gani, bwana? Limepunguzwa kiunoni. Nguo ikipwaya, wewe unageuka, yenyewe inabaki nyuma. Mwanangu amelibana. Likigeuka, linageuka lote.

MIMI: Kwani wewe ndiye uliyemfundisha?

KIPIMO: Amekulia chini ya cherehani yangu.

MIMI: Akiifungua skrubu.

Fundi mwenyewe alikuwa anavuka barabara, anajifuta mikono kwa kitambaa.

FUNDI: Shikamooni.

SOTE: Marahaba, binti.

INJINIA: Hebu tueleze. Umelifanya nini? Ingawa mimi najua.

FUNDI: Nimeanza na mipira. Zile bushi zinazokaa kwenye maungio zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinacheza ovyo. Ukifunga shokapu mpya juu ya bushi mbovu umejichosha bure. Baada ya hapo springi, fupi kidogo na ngumu kidogo. Halafu shokapu za kuendana nazo. Mwisho ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, nimeweka nene zaidi. Upande mmoja ukitaka kulala kwenye kona, mwingine unaukatalia.

KIPIMO: Na magurudumu umeyanyoosha kwa mashine?

FUNDI: Kwa uzi, baba. Na ile futi yako uliyoitafuta wiki nzima.

Kipimo alijishika shingoni, palipokuwa na futi mpya. Alitaka kukasirika, lakini fahari ikamzidi, akacheka peke yake.

INJINIA: Na mchanga wetu?

FUNDI: Nimezibia shimo pale mlangoni.

Tukamiminiana kahawa.

Mimi nawajua watu wengi walioshika spana. Huyu binti nilimtazama wiki mbili nikiwa nanyoa, mpaka mteja mmoja akalalamika nimemkata sikio. Kila alichofungua alikiandika kwenye kipande cha boksi. Na nati za mwisho za bushi hakuzikaza gari likiwa juu. Alilishusha likakanyaga kwa uzito wake, akaingia chini yake, kwenye shimo la gereji la kutengenezea magari, akazikaza huko gizani kwa tochi mdomoni. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, akasema mpira ukikazwa umejipinda utaishi umejipinda, na hautadumu. Nilimheshimu siku hiyo. Sijui kama nilimwambia.

Fundi aliporudi gereji, hawa wawili wakapata nafasi ya kutia chumvi.

INJINIA: Siri iko kwenye fito. Ile ni kama antena ya redio. Inaishika kona kabla kona haijafika.

KIPIMO: Mimi naweza kukaa humo ndani, gari linakwenda, nikashona tundu la kifungo.

INJINIA: Kifungo? Daktari anaweza kumpasua mtu jicho humo, na mtu akashuka anasoma gazeti.

KIPIMO: Kwa mkono wa mwanangu, hata usukani siku hizi ni pambo tu.

—Nani kati yenu amelipanda?

Tuligeuka. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu na mkoba wake, na hatukujua amesimama tangu lini. Nyuma yake Mwalimu, viatu vimepigwa rangi, ufunguo mkononi. Kipimo akaniangalia mimi, nami nikaliangalia birika.

MIMI: Shemeji, kwa kweli, hakuna.

FUNDI: Mimi, mama. Leo alfajiri, mara kumi na moja. Kona ile ile ya tangi.

Alikuwa amesimama mlangoni pa gereji na lile boksi lake la maandishi. Mama alimtazama kuanzia viatu vyenye grisi mpaka kilemba.

—Basi nitakwenda mara moja, kwa ajili yako. Si kwa ajili ya hawa. Nikirudi roho mkononi, huyo mtu wa saa kumi achukue gari lake.

Wakaingia. Mwalimu alimfungia mkewe mlango taratibu, akazunguka, akakosea tundu la ufunguo mara mbili. Gari likaondoka.

Kwenda kwenye tangi na kurudi ni dakika kumi. Zikapita kumi na tano. Injinia akasema labda kuna foleni, na barabara ile haijawahi kuwa na foleni. Zikapita ishirini. Kipimo alikuwa analipima benchi langu kwa futi, urefu, halafu upana, halafu urefu tena. Fundi hakukaa. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, nadhani nati.

Nikamwambia Injinia, kama limepinduka sitakaa nawe tena. Akajibu kwa upole kwamba hata yeye hatakaa na nafsi yake.

Ndipo likatokea. Lilikuja kwenye kona yetu, hii yenye duka, ambayo zamani lilikuwa linaikunja likiegemea mpaka unaogopa mlango utagusa lami. Safari hii liligeuka likiwa limesimama sawasawa, bila kelele. Tukainuka wote. Lakini Mwalimu hakusimama. Aliweka kidole mdomoni akatuonyesha kwa macho pembeni yake. Mkewe alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, mkoba umemteleza magotini, mdomo wazi. Amelala usingizi mzito. Gari likatupita polepole, likashika tena njia ya kilimani.

Fundi alikaa chini pale pale mlangoni pa gereji, akajifunika uso kwa kitambaa chenye grisi. Baba yake akaenda akasimama karibu naye, mkono begani.

Likapita mara ya pili. Bado amelala.

Saa kumi kamili akaja kijana mmoja nadhifu, bahasha kwapani.

—Shikamooni, wazee. Nimeelekezwa hapa. Gari linalouzwa ni lipi?

Nilimwangalia Injinia, mwenye jibu la kila kitu duniani. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu. Kipimo alitazama juu. Gari la Mwalimu likatokea tena penye duka, likakunja kona, likatupita kimya kimya, Mwalimu bado kidole mdomoni.

—Ni lile? akauliza kijana.

Nikasogea, nikampisha kwenye benchi langu.