Ngumi ya Uponyaji

"Wifi mwenyewe ndiye aliyenipeleka kwenye lile darasa," mshonaji alimwambia muuguzi aliyeketi naye basini. "Leo mume wangu ananiambia nisipomwomba radhi, nirudi kwa mama."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikijifanya nimelala.

Kumbe wifi alimwona ana hasira, akamwandikisha darasa linalochanganya dansi, karate na uponyaji. Hasira zilitoka wapi, hakuuliza. Tangu ahamie kwa kaka yake hajaosha hata kikombe.

"Mwalimu akatuambia tufumbe macho, tukate kiuno, halafu tupige ngumi pale tunapohisi maumivu yetu yamesimama."

"Na wifi alikuwa amesimama wapi?"

"Mbele yangu."

Muuguzi alikohoa kitaalamu. "Basi ni ajali, dada. Ulifumba macho, hukumwona. Mpe pole yaishe."

"Kumwona sikumwona. Ila bangili zake nilizisikia."

Mwalimu, alisimulia, alipiga makofi akatangaza kwamba nishati imefunguka. Kilichofunguka ni pua ya wifi. Kisha akawataka wakumbatiane, wavute pumzi pamoja, jambo gumu kwa mwenye pua ile.

"Ulijisikiaje?" muuguzi aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Mabega yalilegea. Usiku nikalala kama mtoto."

Basi lilisimama. Kituoni alikuwepo mume akimsubiri, na kando yake wifi, pamba puani, bangili mkononi.

"Neno moja tu, dada," muuguzi alimsihi. "Ulinde nyumba yako."

Mshonaji alijifunga mtandio kiunoni.

"Siombi," alisema, akashuka.