Msomaji wa Neno Ambaye Hakuumega Mkate

Ndugu waombolezaji, watu wa milango yote ya nyumba hii, ile iliyo wazi na ile iliyofungwa, mimi Unggat, mtoto wa dada yake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu Nyandang anak Jelani, nami nitayasoma yalivyokuwa, kwa maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, hapa hapa katika nyumba yetu ndefu, ambamo kila familia ina mlango wake, mlango wa saba kutoka upande wa juu wa mto, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Jelani na Mama Jenti. Alianza shule ya misheni mwaka 1966, akaishia darasa la sita, kwa sababu baba yake alianguka kutoka kwenye mti wa mdoriani na shamba la mpunga likakosa mikono. Mwaka 1976 aliingia kambi ya magogo, akakata miti kwa miaka tisa, kisha akarudi kulima pilipili manga. Tarehe 20 Juni 1981, sikukuu ya mavuno ikiwa bado haijawatoka watu vichwani, alimwoa Mengan, binti wa Mzee Sering aliyekuwa mkuu wa nyumba hii, wakajaliwa watoto watatu, ambao wako miji ya mbali, Miri, Bintulu na Johor, na mmoja tu ndiye aliyeweza kufika leo.

Kazi aliyoipenda ni ile ambayo hakuipata. Kanisani kwetu asiyewekewa mikono haruhusiwi kuumega mkate wa Meza ya Bwana, na nyumba hii haijawahi kuwa na mchungaji wake, hivyo Januari 1997 marehemu alijiunga na kozi ya jioni ya huduma kule Kapit, kila Jumanne na Alhamisi, pamoja na wachungaji waliotaka kujinoa na waumini wa kawaida kama yeye, akishuka mto kwa mtumbwi wa injini na pilipili bado kwenye kucha. Mwalimu wake, Mchungaji Tiong, alimpenda na hakuacha kumtania: "Nyandang, mahubiri yako marefu kuliko nyumba yenu, na nyumba yenu ina milango ishirini na miwili! Watu watalala, wataamka, watakukuta bado uko kwenye kitabu cha Kutoka." Naye akamjibu, "Waache walale, Mwalimu, wakiamka watakuwa wameshafika Kanaani."

Mtihani wa mwisho, ambao aliyefaulu angewekewa mikono, uliwekwa tarehe 14 Oktoba 1999, Mengan akamshonea shati jeupe la siku hiyo. Aliondoka na mkwewe, Mzee Sering, aliyekaa mbele ya mtumbwi, yeye mwenyewe akishika injini nyuma, na walipofika kwenye kona yenye mwamba, ndege wa ishara akalia mkono wa kushoto, ndege yule ambaye babu zetu wakimsikia waliacha hata shamba walilokwisha kulifyeka. Mzee Sering akasema, "Umesikia, mkwe? Hiyo si safari tena," na marehemu, aliyekuwa ametuhubiria mara ngapi sijui kwamba ndege ni ndege tu, akageuza mtumbwi. Baadaye tulipomtetea kwamba alimheshimu mkwewe, alikataa kata kata: "Mzee alisema tu. Aliyegeuza ni mkono wangu. Mdomo umesoma miaka mitatu, mkono haujaingia darasani hata siku moja." Siku ile hakuna baya lililotokea, mto ulikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mtahini aliyekuja Kapit siku ile hakurudi tena. Mwaka uliofuata kozi ilifungwa kwa kukosa wanafunzi, Mchungaji Tiong akahamishwa, na marehemu akaambiwa akasome Sibu, mchana, kwa kukaa bweni, kana kwamba pilipili hujichuma zenyewe. Tangu hapo alitusomea Neno kila Jumapili, na mkate tukausubiri kwa mchungaji mgeni, aliyekuja mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja, kisha akipata nafasi.

Tarehe 2 Mei 2016, Mengan akiwa mahututi, aliomba Meza ya Bwana, nami nilikuwapo. Marehemu alimwambia, "Mama watoto, nikikupa bila kuruhusiwa nitakuwa nimekudanganya." Mengan akasema, "Basi nishike tu, kwa huo mkono wako mkaidi." Akamshika mpaka akakata roho, na niseme wazi, nilimkasirikia mjomba siku ile, na hasira hiyo haijaniisha.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021, akalazwa mjini mara kadhaa, akarudishwa nyumbani, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2023. Naye aliomba mkate, naye hakuupata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa milango mitano iliyobaki, wakulima wenzake wa pilipili, na wenzake wawili wa ile kozi ya jioni walio hai, ambao nao hawakupata tena wa kuwafundisha. Mchungaji ametuma salamu, ana maziko mengine mawili leo, hatafika, hivyo tutaomba wenyewe.

Tumemvalisha lile shati jeupe, linampwaya. Mtumbwi wa kwenda makaburini utapita kona ile ile, na ndege akilia kushoto hatutageuza, maana safari hii hana cha kutunyima.

Pumzika, mjomba, kwa amani ile uliyokuwa ukitusomea.