Aliyekosa Ndiye Apige Tena

Usinikunjie uso kabla sijamaliza. Wewe hujawahi kushinda hata mbio za magunia, halafu waniambia hakuna kocha wa namna hiyo. Yupo. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na anakaa chumba changu cha nyuma tangu alipokuwa kipa wa akiba, akiba ambayo haikuguswa. Mimi nauza kahawa mlangoni. Benchi la nje ni langu, midomo ni ya wateja. Mlango wenyewe unafungukia ndani na mchana kutwa uko wazi, kwa hiyo upande wake wa nje hauonekani mpaka niufunge. Una mabonde. Msimu wake wa kwanza wa ukocha, timu ilipopoteza fainali kwa penalti, watu walikuja kumpa pole kwa mawe. Sikuziba hata bonde moja, wala sikumtaja mtu, ingawa nyuso nilizijua. Nikaendelea kuwamiminia kahawa.

Basi juzi walikuwapo watatu, kama kawaida. Waziri, kinyozi ajuaye siri za kila ofisi. Betri, fundi redio, huongea mpaka chaji iishe. Na Shemeji, fundi viatu, ambaye hakuna mtu aliyeoa kwao. Habari ilikuwa moja: Kocha ameitwa na timu kubwa ya mbali, na gari la kumchukua liko njiani.

— Siri yake macho, alisema Waziri. Akikutazama miguu tu, anajua jana ulilala saa ngapi.

— Macho wapi! Yule anasikia. Mpira una sauti, mimi fundi redio nakwambia. Hata akifumba macho anajua nani kaupiga.

Shemeji akawaona wote wawili ni watoto. Kwa hesabu zake, Kocha huwachezesha wachezaji mechi nzima usingizini, kesho yake wanarudia tu. Ndiyo maana hawatoki jasho.

— Wanatoka, nikamwambia. Jezi nafua mimi.

Siri ya mwanangu, nikawaambia, ni sheria moja. Mazoezini kwake, aliyekosa penalti ndiye anayepiga inayofuata. Hazomewi mtu, hajifichi mtu. Wakati anaichukua timu yetu, ilikuwa ikienda mechini kwa lori la mchanga. Leo ina basi na kombe. Na kwenye fainali ya mwaka huu, penalti ya mwisho alimpa winga yule yule aliyekosa mwaka wa mawe. Uwanja mzima ulimlilia abadilishe mpigaji. Akakunja mikono. Winga akafunga, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Waziri alifuta macho kwa taulo la wateja.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni gani? nikamuuliza.

— Yeyote.

Hapo wakanigeukia. Mama, wewe umemlea, neno lako halivuki. Mwambie abaki. Betri akaahidi kulipaka benchi rangi. Shemeji akamwekea Kocha nadhiri ya kumshonea viatu bure maisha, yeye ambaye kiatu changu cha kushoto anacho tangu mvua zilizopita.

Gari likasimama. Dereva wa ile timu kubwa akashuka, akasalimia vizuri, akaomba kahawa. Nikammiminia ya mwisho. Akakaa ukingoni mwa benchi, akawasikiliza wakimsifu Kocha mpaka kikombe kikafika nusu.

— Samahanini wazee wangu, akasema. Kama mnampenda hivi, mbona anaondoka?

Waziri akachungulia kikombe chake kitupu. Betri chaji ikaisha. Shemeji akaanza methali, akaiacha njiani. Kutoka chumba cha nyuma nikasikia zipu ya begi ikivutwa, ikakwama, ikavutwa tena.

— Mama, alinong'ona Waziri, hebu wahi. Kamwambie.

— Nimwambie nini?

— Kwamba sisi... Wewe mwambie tu.

— Mdomo wangu haubebi mzigo wa mtu. Kocha yuko ndani, na sheria yake mmeisikia.

Nilikuwa nimekaa upande wa ndani wa kizingiti. Nikainuka na birika langu tupu, nikavuka kizingiti bila kumtazama hata mmoja wa wale watatu, nikauvuta mlango nyuma yangu, nikaufunga, mabonde yote yakawaelekea wao.