Rivolva ya Mtutu Mfupi

Kwenye treni ya kwenda Husby, kitongoji cha Stockholm, mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alimwonyesha jirani yake picha za rivolva mbili kuukuu zinazouzwa, kwenye simu.

"Hii ndefu, Mama Felicia, ni nzuri kwa mazoezi ya kulenga shabaha klabuni. Lakini hii fupi ni kama ya marehemu baba, askari wa wanyamapori. Akiwa nayo nyumbani, tulilala fofofo."

"Na hapa itakulinda, mzee Kipchumba?"

"Sheria inataka niifungie kwenye kabati la chuma."

"Basi mwizi akusubiri utafute ufunguo!"

Niligeukia dirisha, nikacheka. Mzee hakucheka.

"Baba naye hakupewa risasi za kuja nazo nyumbani. Tulilala kwa sababu yeye alikuwepo."

"Basi nunua ile ndefu."

Treni ikasimama. Mzee akashuka, bado anaitazama ile fupi.