Mchinjaji Aliyetuandikia Tafakari za Kwaresima

Marehemu, ambaye wengi hapa mlimwita Mzee Tafakari na wachache wa zamani mlimwita Kisu, alizaliwa Jumatano ya Majivu, tarehe 3 Machi 1954, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya machinjio. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mchuna ngozi na mshona nguo. Maneno haya yameandikwa na yule wa pili, mdogo wake, dereva wa lori mstaafu, ambaye ndiye anayewasomea. Mjane amemwomba asitie chumvi wala asifiche kitu, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuficha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 katika shule ya parokia. Kichwani alikuwa moto, na mikononi pia. Mwaka 1968 mwalimu wa hesabu alimwita mjinga mbele ya wenzake. Marehemu akang'oa ubao wa dawati na kumpiga nao mdomoni. Meno mawili yalianguka, na masomo yakaishia hapo. Baba alimchapa mkanda mpaka mkono ukamchoka, kisha kesho yake alfajiri akamburuta hadi machinjioni. "Kama unachotaka ni damu," alimwambia, "huku ipo ya kukutosha."

Alifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Wenzake wanasema ng'ombe hakupata muda wa kuogopa mikononi mwake. Watu ndio waliopata. Kila mwisho wa wiki alirudi na ngumi iliyopasuka, na muuguzi wa zahanati alimshona mara tatu kabla ya kukubali posa yake. "Niliona ni afadhali nimhudumie nyumbani," husema mjane mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1979, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 20 Aprili 1984 ilikuwa Ijumaa Kuu. Mchana marehemu alibeba msalaba kwenye maandamano ya parokia. Jioni alikaa uani kwa mama yao akinoa visu vya kazi. Mdogo wake alikuja amelewa, akamcheka.

"Juzi umemvunja mtu taya, leo unambebea Yesu msalaba. Hata Yeye anakushangaa!"

"Rudia."

Akarudia. Marehemu alisimama na kisu kikapita mara moja tu. Sikio la kushoto la mdogo wake lilianguka kwenye jiwe la kunolea. Mama alitoka jikoni, akaliokota kwa kitambaa chake cha kichwa, akapiga kelele, "Mnanimaliza wanangu! Mnanimaliza!" Marehemu hakukimbia. Alikaa palepale akitazama kile kitambaa mpaka polisi walipomfuata.

Alifungwa miaka mitano. Gerezani alikuja katekista mmoja, mama mfupi asiyeogopa mtu, aliyewasomea wafungwa Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane. Alipofika pale Petro anapomkata sikio Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, marehemu alitapika mbele ya wote. Yule mama alisubiri asafishwe, kisha akampa kalamu. "Andika ulichosikia," alisema. "Usiniandikie ulichofundishwa. Ulichosikia." Tafakari yake ya kwanza, aliyoiandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, ilikuwa na mistari miwili: "Petro alikata la kulia. Mimi nilikata la kushoto. Hata kuiga nilishindwa."

Alitoka mwaka 1989 na hakushika tena kisu cha kazi. Alifagia kanisa, akatengeneza viti, na kila Kwaresima aliandika tafakari ya Injili ya kila Dominika, zikasomwa kwenye jumuiya ya Wakristo wa mtaa. Hazikuwa laini. Kuhusu baba mwenye wana wawili aliandika kwamba kaka mkubwa alikataa kuingia ndani kwa sababu alijijua: angeingia, angeua. Kuhusu Pasaka aliandika kwamba Bwana aliyefufuka aliwaonyesha vidonda kwanza, kwa hiyo asije mtu akamwambia aliyeumizwa afiche kovu ili sherehe ipendeze.

Mdogo wake hakumsemesha miaka kumi na moja. Kwaresima ya 1995 aliingia kwenye jumuiya bila kualikwa, akakaa mlangoni. Marehemu alikuwa akieleza habari za Malko.

"Kuna kitu umeruka," mdogo wake alisema kwa sauti. "Luka anasema Yesu aliligusa lile sikio likapona. Langu limeponywa na nani?"

Watu waliinamisha vichwa. Marehemu aliweka karatasi chini.

"Halijapona. Na mimi sijui nifanye nini."

"Anza kwa kunisalimia, basi."

Marehemu alipiga magoti katikati ya chumba, mdogo wake akamwinua kwa ukali akimwambia aache kumwaibisha.

Jumanne tarehe 5 Aprili mwaka huu, 2022, siku mbili baada ya Dominika iliyosomwa Injili ya mwanamke aliyekaribia kupigwa mawe, kundi la watu sokoni lilimwangusha mchukuzi mmoja aliyedhaniwa ameiba simu. Walimpiga kwa mbao, kisha kwa mawe. Marehemu, mwenye miaka sitini na minane, alipenya katikati yao akamlalia juu. Waliomwona wanasema alipaza sauti, "Mnanijua! Nani kati yenu ananishinda kwa ubaya?" Baadhi walitupa mawe chini. Muuza mkaa mmoja alilitupa la kwake kichwani mwa marehemu. Yule mchukuzi yu hai. Simu ilionekana kesho yake chini ya meza ya mwenyewe.

Marehemu alilala siku nne bila fahamu. Siku ya pili mdogo wake alichukua spana ya magurudumu, akaenda kwa muuza mkaa, akamvunja mkono mbele ya mkewe. Alikuwa ameinua spana mara ya pili, juu ya kichwa, mwanamke yule alipojitupa katikati. Akaishusha, akaondoka.

Marehemu alipozinduka, mdogo wake alimweleza kila kitu, akitazamia shukrani.

"Nenda polisi kajiseme," kaka yake alimwambia. "Mimi nilisubiri wanifuate. Wewe nenda kwa miguu yako." Halafu, baada ya kupumzika, "Na mke wa muuza mkaa aje kunizika."

Alipokea Mpako wa Wagonjwa, na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 18 Aprili, saa mbili asubuhi, alifariki dunia huku mkewe amemshika mkono ule aliomshona.

Muuza mkaa yuko mahabusu. Mdogo wa marehemu yuko nje kwa dhamana. Kesi yake itatajwa tarehe 9 Mei, na atakiri. Jana alikwenda mlangoni kwa muuza mkaa. Mwanamke alimwona dirishani, akaburuta kabati kuziba njia. Mdogo wa marehemu alikaa chini barabarani, akaweka viganja juu ya magoti vionekane, akasema, "Dada, kesho tunamzika kaka. Alikuomba uje." Alikaa hapo saa nzima. Kisha kabati likasikika likisogezwa.

Dada huyo amekaa mstari wa mbele, karibu na mjane. Mtu yeyote asimguse.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo mmoja. Bwana Mfufuka amlaze katika amani yake.