Damu Ndani ya Jino Jeusi

Tulikuwa tumeshaona paa za Kisumu, na mama aliyepanda meli nasi kule Kendu Bay alikuwa bado anabishana na kijana anayesomea udaktari wa meno. Jino la mama la juu, la mbele, lilikuwa limegeuka jeusi tangu ndama ampige mdomoni kwa kichwa chake. Alikuwa anakwenda kung'olewa jino hilo.

"Kule kliniki waliweka barafu kwa jino, sikusikia kitu," mama alisema. "Hii imekufa."

"Barafu inapima kusikia, Mama, haipimi damu," kijana akamjibu, bila hata kumeza mate. "Siku hizi kuna mashine. Unamulika jino na taa nyekundu, inapima damu vile inatembea ndani. Kama jino liko hai, namba inapanda na kushuka pamoja na moyo."

"Damu ni ya ufizi. Jino ni mfupa." Akavuta mdomo wa chini, tukaona pengo la meno sita yaliyong'olewa kwa mila ya zamani. "Hizi zilitolewa na chuma, na sikulia. Wewe utanifunza meno?"

Pengo hilo ndilo lilikuwa cheti chake, na cheti kama hicho ni vigumu kukibishia. Kijana akajaribu.

"Baada ya kutolewa, ulisikia nini hapo?"

"Moyo yangu. Ilidunda hapo siku mbili."

"Na hilo jeusi, linadunda?"

Mama akaliwekea kidole, akafumba macho. "Injini inanisumbua," akasema.

Meli ikagusa gati, injini ikazimwa. Watu wakasimama na mizigo yao. Yeye alibaki ameketi, kidole kwenye jino, na kijana amemwinamia, akingoja jibu.

Mimi pia sikusimama.